Siku sita nyuma ya boti ya Penlee

Desemba 15. Njiani

Treni ya Penzance, mji wa Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza, huondokea Paddington, London, na safari nzima inapita saa tano. Nilishauriwa nikae upande wa kushoto, na aliyenishauri Mungu amlipe. Ukishaipita Exeter, reli inaikumbatia bahari, na pale Dawlish mawimbi yanapiga ukuta chini kabisa ya dirisha lako. Februari 2014 dhoruba iliubomoa ukuta huo, reli ikabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na Cornwall ikakaa karibu miezi miwili bila treni ya moja kwa moja kutoka London.

Abiria wa kiti cha pili aliniuliza naenda kutembelea nani. Nikamwambia naenda kuona banda la boti ya uokoaji. "Boti gani?" Nikasema boti haimo tena. Akarudi kwenye gazeti lake.

Mimi nimekulia pwani. Chombo kikichelewa kurudi, wanaotoka kukitafuta ni wavuvi wenzake, kwa vyombo vilevile vya kuvulia, na mafuta ya kuchangishana pale pale ufukweni. Huku Cornwall nako wanaotoka ni wavuvi wenzake, na wauza duka, na mwenye baa. Ila hawa wameiwekea kazi hiyo chombo chake peke yake, kikajengewa nyumba, na kila kutoka kwake kukaandikwa. Nilitaka kuona kitu hicho kinavyoanza na kinavyodumu.

Nimefika usiku, mvua ya manyunyu, upepo wa kusini magharibi. Muuza tikiti wa basi ameniita "mpenzi wangu". Nimekuja kuelewa kwamba hapa kila mtu ni mpenzi wa kila mtu, haimaanishi kitu.

Desemba 16. Penzance hadi Newlyn, kwa miguu

Ni kama kilomita mbili kwa njia ya ufukweni. Nimetoka asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na kabla hata ya kusoma bango lolote nikaona kwa macho yangu tatizo lililokisumbua kituo cha boti ya uokoaji cha hapa kwa miaka mingi. Bahari ilikuwa imekwenda zake mbali, ikaacha mawe, mwani na mchanga mweusi. Boti ya uokoaji ya zamani ni ya mbao, nzito, ya makasia, inakokotwa juu ya gari la magurudumu. Ikiitwa wakati wa maji makavu, wanaume na farasi wanaanza kazi ya kutafuta maji kabla ya kazi ya kutafuta watu.

Boti ya kwanza ya uokoaji katika Cornwall nzima ililetwa hapa Penzance mwaka 1803. Iliundwa na Henry Greathead wa South Shields, kaskazini mashariki ya Uingereza. Kufika 1812 ilishauzwa. Ndivyo mambo mengi mema yanavyoanza: watu wanachanga kwa shauku, kisha matunzo yanakosa mwenyewe. Ilibidi aje mtu wa kulitengenezea jambo hili utaratibu. Mtu huyo alikuwa Sir William Hillary, aliyeishi Kisiwa cha Man na kuziona meli zikivunjika karibu na kwake. Machi 1824 chama kikaundwa London, na tangu 1854 kinaitwa Royal National Lifeboat Institution, RNLI. Penzance ikapata kituo 1853. Kuanzia hapo, nionavyo mimi, historia yote ya kituo ni ya kuyafukuza maji: 1908 boti ikahamishiwa Newlyn, 1913 ikahamia Rasi ya Penlee, kati ya Newlyn na kijiji cha Mousehole, na mbele ya safari ikarudi tena Newlyn. Jina la Penlee likabaki.

Chama si cha serikali. Kinaishi kwa michango na wosia za watu, na kwenye kaunta za baa za huku utakuta kisanduku cha sarafu chenye umbo la boti. Mwaka 2024 kilitimiza miaka 200, kikiwa na vituo 238 na hesabu ya zaidi ya watu 146,000 waliookolewa. Mabaharia wake wengi hawalipwi. Katika boti kubwa, fundi mitambo na mara nyingi nahodha ni waajiriwa. Waliobaki wana kazi zao nyingine na kifaa kidogo kiunoni kinacholia saa yoyote.

Newlyn ni bandari ya kazi. Barafu, harufu ya dizeli, nyavu za rangi ya chungwa, na shakwe wasio na adabu wala woga. Nimesimama penye mnada wa samaki mpaka nikaambiwa kwa upole nipishe toroli. Mwisho wa gati kuna kinara kidogo na kibanda ambacho mtu angekipita bila kugeuka. Humo ndimo ilimopimwa bahari kuanzia 1915 hadi 1921, maji kujaa na maji kupwa, mchana na usiku, ukapatikana usawa wa wastani. Mlima wowote wa Uingereza bara, ukisikia una mita kadhaa, umehesabiwa kuanzia hapa. Nilipenda sana kwamba nchi nzima imekubali kupimwa kutoka bandari ya wavuvi.

Boti ya sasa imefungwa ndani ya bandari, inaelea. Inaitwa Ivan Ellen, ilikuja 2003, ina urefu wa mita 17, rangi ya buluu na chungwa, na inakwenda maili 25 za bahari kwa saa. Niliitazama kutoka juu ya gati kama mtu anayetazama farasi wa mwenyewe, kwa mbali na kwa heshima.

Desemba 17. Rasi ya Penlee

Barabara ya Newlyn kwenda Mousehole inapita juu ya mwamba, na katikati yake, upande wa bahari, unashuka njia fupi hadi kwenye banda. Kuta nyeupe, milango mikubwa, na kutoka mlangoni mteremko wa zege unaoingia moja kwa moja majini. Pembeni kuna bustani ndogo ya kumbukumbu. Hakukuwa na mtu mwingine. Nilikaa karibu saa mbili, nikapigwa na baridi mpaka vidole vikagoma kuandika, kwa hiyo haya naandika jioni.

Sababu ya kujenga hapa unaiona ukisimama tu. Penlee maji hayaondoki. Yawe ya bamvua au mafu, yamejaa au yamekupwa, mteremko unafika kwenye kina. Boti inakaa juu, imeshikwa kwa waya mmoja nyuma. Watu wanapanda ikiwa bado nchi kavu, injini zinawashwa ndani ya banda, milango inafunguliwa, kisha mtu anaigonga pini ya kile kishikio. Kutoka hapo hakuna kusimama. Tani zote zile zinateleza na kuingia baharini omo kwanza, na boti ikishagusa maji iko safarini. Kurudi ndiko kwenye taabu: inavutwa kwa winchi, tezi mbele, na bahari ikiwa imechafuka haivutiki kabisa, inakwenda kujihifadhi Newlyn.

Banda hili limetoa boti zenye visa vyake, lakini nina kimoja ninachokipenda kuliko vingine. Aprili 1947 manowari HMS Warspite, iliyopigana Jutland 1916 na ikapita vita viwili vya dunia, ilikuwa inakokotwa kupelekwa kukatwa vyuma chakavu. Haina mizinga, haina mabaharia, ina watu 8 tu wa kuiangalia. Dhoruba ikakata kamba za tagi, manowari ikapanda miamba ya Prussia Cove, upande wa pili wa ghuba hii. Boti ya Penlee wakati huo iliitwa W and S, nahodha wake Edwin Madron. Akaipenyeza kwenye uwazi mwembamba kati ya ubavu wa chuma na miamba, mawimbi yakimpandisha na kumshusha, watu wakaruka mmoja baada ya mwingine mpaka wakatimia 8. Alipewa nishani ya fedha. Fikiria: meli ambayo mizinga ya Wajerumani haikuizamisha, na wanaowatoa watu wake ni wavuvi wa dagaa. Warspite yenyewe ilikatwakatwa kwenye ghuba hii hii kwa miaka mingi. Haikufika ilikopelekwa.

W and S ilipumzishwa 1960, ikaja Solomon Browne. Ya mbao, urefu futi 47, mwendo usiozidi maili 9 za bahari kwa saa. Ndiyo boti ya mwisho iliyoondoka hapa na isirudi.

Milango imefungwa. Nilitaka kuugusa mlango, nikaona si adabu. Nikaushika ukuta.

Desemba 18. Njia ya Lamorna

Leo ni matope. Nimetoka Mousehole kufuata njia ya majabali kuelekea magharibi, nikafika ghuba ndogo ya Lamorna nikiwa nimeanguka mara mbili, mara ya pili mbele ya mama mmoja na mbwa wake. Mama alisema, "Pole, mpenzi wangu." Mbwa hakusema kitu lakini alinitazama.

Kutoka Lamorna njia inaendelea mpaka juu ya mnara wa taa wa Tater Du. Mnara ni mfupi, mweupe, wa 1965, wala haujawahi kuwa na mlinzi wa kuishi humo. Ulijengwa kwa sababu ya meli ya Kihispania, Juan Ferrer, iliyovunjika kwenye miamba hii Oktoba 1963 wakafa watu 11. Upepo wa leo ulikuwa wa kawaida kwa wenyeji, wala hawakuutaja, mimi nilikuwa nashika majani ya kando ya njia. Nikatafuta jiwe la kujikinga nikaketi. Hapa ndipo ilipotokea, kwa hiyo hapa ndipo pa kuisimulia.

Jumamosi ya Desemba 19, 1981, meli ndogo ya mizigo iitwayo Union Star ilikuwa katika safari yake ya kwanza tangu kuundwa, kutoka IJmuiden, Uholanzi, kwenda Arklow, Ireland, imebeba mbolea. Ndani walikuwamo watu 8: nahodha Henry Morton na mabaharia wake wanne, pamoja na mke wa nahodha na mabinti wawili wa mkewe, waliopandia njiani Essex ili Krismasi iwakute pamoja. Jioni, maili 8 mashariki ya mwamba wa Wolf Rock, injini ikazima. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Tagi ilikuwa karibu, ila kwanza palikuwa na kusitasita juu ya masharti ya kuvutwa, maana kukubali kuvutwa baharini ni kukubali deni, na nahodha alidhani injini itawaka. Haikuwaka. Upepo ulikuwa umefika nguvu ya kimbunga, mawimbi kama mita 18, na meli ikawa inasukumwa kuja hapa nilipoketi.

Helikopta ya jeshi la wanamaji ikaja kutoka Culdrose, ikiendeshwa na Russell Smith, rubani Mmarekani aliyekuwa huku kwa mabadilishano. Ikajaribu tena na tena kuteremsha kamba. Mlingoti wa meli ulikuwa ukiruka juu karibu kuyafikia mapanga ya helikopta. Ikashindikana.

Mousehole wakati huo watu walikuwa wameshakimbilia Penlee. Walifika wengi kuliko nafasi. Nahodha Trevelyan Richards, mvuvi wa miaka 56, aliyekuwa na nishani ya shaba kwa kazi ya 1975 kwenye meli Lovat, akachagua saba wa kwenda naye. Alikuwepo Nigel Brockman na mwanawe Neil, kijana wa miaka 17, wote wawili tayari. Richards akamchukua baba. Usiku kama ule hakutaka watu wawili wa nyumba moja.

Nimelifikiria neno hilo tangu nilisome kwa mara ya kwanza, na ndilo lililonileta. Watu husema alikuwa jasiri, na ndiyo, lakini majasiri wako wengi. Yeye alisimama kwenye mlango wa banda, upepo ukivuma vile, akapiga hesabu ya nyumba. Alijua nani mwana wa nani. Mtu wa kuletwa kutoka mji mwingine, hata awe hodari namna gani, asingeijua hesabu hiyo.

Saa 2 na dakika 12 usiku Solomon Browne ikateremka. Ikaikuta meli, ikajibandika ubavuni mara kwa mara, mara moja ikarushwa na wimbi mpaka juu ya sitaha ya Union Star ikateleza tena majini. Kwenye redio wakasema wamewatoa wanne. Wangeweza kugeuka. Waliobaki walikuwa wanajulikana wako pale, wakarudi kuwafuata. Ujumbe ukakatika katikati. Dakika chache baadaye taa za boti zikapotea.

Asubuhi Union Star ilionekana imepinduka chini ya majabali, magharibi ya mnara. Ya Solomon Browne vilikuwa vipande vya mbao. Watu 16 walikufa, wanane wa meli na wanane wa boti, na si wote waliopatikana wazikwe. Rubani Smith aliandika baadaye kwamba hakuwahi kuona ushujaa mkubwa kuliko ule wa watu wa Penlee.

Nimerudi kwa basi. Sikuwa na miguu ya kuirudia njia ile.

Desemba 19. Mousehole

Jina ukilisoma ni tundu la panya. Likitamkwa ni karibu na "mauzo" yetu, yenye l ya kumezwa mwishoni. Wenyeji wanacheka ukilisoma kama lilivyoandikwa, na mimi nimewachekesha vya kutosha.

Asubuhi nimepanda kilima hadi kanisa la Paul. Ndani kuna kumbukumbu ya wale wanane. Nje, kwenye ukuta wa makaburi, kuna jiwe la bibi mmoja wa Mousehole, Dolly Pentreath, muuza samaki aliyefariki 1777, anayehesabiwa kati ya watu wa mwisho kukulia katika Kikornish, lugha ya asili ya Cornwall. Jiwe liliwekwa 1860 na Louis Lucien Bonaparte, mtu wa ukoo wa Napoleon aliyekuwa mpenzi wa lugha. Nilisimama hapo kuliko nilivyopanga. Leo watu wanajifunza tena Kikornish, na kwenye kibao cha kijiji limeandikwa pia Porthenys.

Bandari ya Mousehole ni ndogo kama kiganja. Kuta mbili za mawe zimejikunja kukutana, na mlango ulio kati yake huzibwa kwa magogo mazito wakati wa baridi ili mawimbi yasiingie kuvunja mashua. Majira haya bandari hupambwa kwa taa: samaki, meli, joka la baharini, zote zikielea juu ya maji au zimetundikwa kwenye ukuta. Mwaka 1981 taa hizo zilikuwa zimewashwa siku chache kabla ya ajali, na aliyeziwasha ni Charlie Greenhaugh, mwenye baa ya Ship Inn. Usiku ule alikuwa mmoja wa wale saba. Wanakijiji wakazizima. Mjane wake ndiye aliyeomba ziwashwe tena.

Sijui niseme nini juu ya fedha, ila kuziruka si haki. Michango ilimiminika kutoka nchi nzima, ikapita pauni milioni 3 kwa kijiji cha watu wachache hivi. Kisha likaja suala la kodi, serikali ikataka sehemu yake, wananchi wakapiga kelele mpaka ikarudi nyuma. Chama nacho kikatoa nishani: ya dhahabu kwa Richards, ya shaba kwa kila mmoja wa wenzake. Lakini jambo la haraka kuliko yote lilitokea hapa hapa. Kabla siku haijaisha baada ya msiba, wanaume wa kutosha kuwa kikosi kipya walikuwa wamejiandikisha. Neil Brockman, yule aliyeachwa mlangoni, akaingia pia, na mbele ya safari akawa nahodha wa kituo.

Saa 2 usiku tulikuwa tumejazana kwenye ukuta wa bandari. Nilitazamia hotuba au kengele. Haikuwepo, au mimi sikuisikia. Taa zilizimwa tu. Watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wenyewe, na ndipo sauti ya bahari ilipotokea, nyuma ya magogo, ilikuwa ikivuma muda wote. Mzee mmoja kando yangu alivua kofia katika baridi ile na hakuivaa tena. Nilitaka kumuuliza kama alikuwa na mtu wake kwenye boti. Sikumuuliza.

Hukaa giza saa nzima. Saa 3 zikawaka, watu wakasogea taratibu kama wanaotoka kwenye hitima, wengi kuelekea Ship Inn. Nami nikaingia, nikaagiza chai, nikatia sarafu zangu zote kwenye kisanduku cha boti. Mwenye kaunta akauliza nimetoka wapi. Nilipomwambia akasema, "Mbali sana kuja kuangalia giza."

Desemba 20. Newlyn, kabla ya treni

Nimeamka mapema kupita bandarini mara ya mwisho. Mwaka 1983 kituo kilipewa boti ya aina mpya, Mabel Alice, kubwa na ya kasi kuliko mteremko wa Penlee ungeweza kuibeba, kwa hiyo ikahifadhiwa hapa ikielea, na Ivan Ellen ikairithi nafasi hiyo. Banda la kule rasi likaachwa lilivyo.

Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Mashua ndogo za upande wa ndani zimelala ubavu kwenye matope, kamba zimelegea, shakwe wanatembea chini yake wakitafuta chochote. Kijana mmoja alikuwa anaosha sitaha ya Ivan Ellen kwa mpira wa maji. Tuliamkiana. Nilimuuliza, kwa kuwa sikuwa na swali jingine, chini ya boti yake pana maji kiasi gani saa hizi. Akaegemea ukingo, akachungulia, akasema yanatosha.